Madoa ya maji ya chumvi kwenye magari yayeyushwe, yasikwanguliwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye magari, madereva na vijana wanaoosha magari kuhusu madoa ya maji ya chumvi. Ni yale madoa meupe ya mviringo yanayobaki kwenye boneti, paa na vioo baada ya gari kuoshwa na kuachwa likauke juani. Yakiwa mapya hudhaniwa vumbi. Yakikaa miezi miwili mitatu hayasikii sabuni, na hapo mwenye gari huanza kupokea ushauri wa kila aina: paka asidi ya choo, sugua na stilwaya, jaribu dawa ya meno, futa na mafuta ya taa. Inauma kuona rangi iliyotoka kiwandani, iliyodumu miaka kumi na tano, ikimalizwa asubuhi moja kwa chupa ya dawa ya choo.

Ombi langu ni moja. Kabla hujasugua, ujue kwanza kama doa limekaa juu ya rangi au limeshaila rangi. Kwa macho yanafanana sana, ila kila moja lina dawa yake, na ukikosea hapo hasara hairudi.

Nianze na maji yenyewe. Hapa Dodoma kwa miaka mingi tumetegemea visima virefu vya Makutupora, na majumbani wengi wamechimba vya kwao. Maji ya ardhini hupita kwenye miamba yakibeba kalsiamu na magnesiamu, na hayo ndiyo tunayaita maji ya chumvi, au maji magumu. Ndiyo maana sabuni inachelewa kutoa povu na birika linashika ukoko mweupe ndani. Kwa kunywa, madini haya hayana ubaya; Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya kwa ugumu wa maji. Kwa hiyo lawama isiende kwa wanaotuletea maji. Tatizo ni kuyaacha yakaukie juu ya rangi.

Chukua mfano wa maji yenye miligramu 300 za madini haya kwa lita moja. Yakivuka 180 tayari huhesabiwa kuwa magumu sana. Gari likitoka kuoshwa likabaki na robo lita ya maji mwilini, maji yale yakikauka yanaacha miligramu 75 za chokaa. Ni kidogo, lakini hazitandazwi sawasawa. Zinajikusanya pale tone lilipokaa, na zaidi ukingoni mwake, kwa sababu ukingo ndio unaokauka kwanza na kuvuta madini kuelekea huko. Liangalie doa kwa karibu: utaona pete nyeupe nene, na katikati pamefifia. Kesho gari likilowa tena, tone jingine linakaa juu ya pete ileile, kwa sababu chokaa ina mikwaruzo inayoshika maji. Pete inanenepa.

Ndani ya maji kalsiamu imeyeyuka ikiwa baikaboneti. Joto likiongezeka hewa ukaa inatoka, na kinachobaki ni kalsiamu kaboneti, ndugu wa yale mawe ya chokaa yanayochomwa kwenye tanuri. Sabuni haiwezi kuyeyusha mawe ya chokaa. Tindikali nyepesi inaweza. Hilo ndilo msingi wa kila nitakachosema hapa chini.

Wapo wanaoamini tone la maji huunguza rangi kwa kukusanya mionzi ya jua kama lenzi. Tone lililolala kwenye boneti limebanwa bapa upande wa chini, na mahali ambapo mionzi ingekutana pako chini zaidi ya uso wa rangi. Kinachokula rangi ni madini yanayozidi kukolea kadiri tone linavyopungua, huku bati la chini limepata moto na rangi imelainika. Gari jeusi la saa 8 mchana huwezi kuweka kiganja juu yake. Katika hali hiyo tone hukauka kwa dakika chache, na siku ikirudiwa mara thelathini rangi inaanza kubonyea pale penye pete.

Sasa upimaji. Osha gari kwanza kwa sabuni ya magari, lifute likauke, uliweke kivulini hadi bati lipoe kabisa. Weka mgongo wa mkono kwenye boneti. Ukihisi hata uvuguvugu, subiri. Kisha vaa glavu nyembamba ya plastiki na upitishe vidole polepole juu ya madoa. Glavu huongeza hisia: chokaa iliyokaa juu utaisikia kama chembe za mchanga. Pakiwa laini kabisa huku doa linaonekana, shuku kwamba rangi imeliwa.

Uthibitisho unapatikana kwa siki. Dondosha tone moja la siki nyeupe juu ya doa moja, lisubiri dakika moja, lifute, suuza kwa maji, kausha. Washa tochi ya simu na uilaze pembeni ili mwanga upite juu ya rangi kwa mshazari. Weupe ukiwa umekwisha na uso umerudi sawa, una bahati, ni chokaa ya juu tu. Weupe ukiisha lakini ukaona kishimo cha duara mfano wa alama ya kikombe mezani, rangi imeliwa. Usidanganywe na maji: doa lolote, la juu au la ndani, hufichika likilowa na kurudi likikauka. Vijana wengi hudhani wamelitoa, kumbe wameliloanisha.

Kufichika huko ndiko kunakoyapa mafuta ya taa na dizeli sifa yasiyostahili. Mafuta yanajaza nafasi ndogondogo za chokaa, mwanga unapita vizuri, gari linang'aa hadi lioshwe tena kwa sabuni. Madini yako palepale, na sasa yameshikiliwa na utando unaonasa vumbi.

Asidi ya kusafishia choo ni habari nyingine. Mara nyingi ni tindikali ya haidrokloriki, kali mara nyingi kuliko siki. Chokaa itaiondoa kweli, kwa sekunde chache, na ndiyo maana watu wanaiamini. Lakini ikiteremka kwenye mikunjo ya bati, kwenye komeo za mlango, kwenye alumini ya rimu na kwenye kromu, inaendelea kula baada ya gari kuondoka. Penye kokoto lililochubua rangi hadi bati, kutu huanza. Kwenye rimu za alumini huacha weusi usiotoka. Rangi yenyewe ikiwa ya zamani hupauka mabaka. Asidi ya betri ni hatari zaidi, kwa gari na kwa macho ya anayeishika.

Stilwaya na majivu vina kosa lililo wazi: ni vikali kuliko rangi. Dawa ya meno ina unga wa kusugulia, na kweli inaweza kupunguza doa dogo, lakini unga wake haukutengenezwa kwa ajili ya rangi ya gari. Hulainisha hapa, hukwaruza pale, na juani utaona mabaka ya mizunguko midogomidogo kama utando wa buibui.

Kwa chokaa ya juu, dawa ni siki nyeupe ya dukani yenye asilimia 5 ya tindikali ya asetiki. Soma lebo, kwa sababu zipo chupa za tindikali hiyo iliyokolea sana ambayo haifai kuguswa bila kuchanganywa. Changanya siki sehemu moja na maji sehemu moja. Maji yawe yasiyo na chumvi, la sivyo unarudisha unachokitoa. Yanapatikana kwa urahisi: maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta, chupa iliyoandikwa distilled water. Tafadhali soma chupa mara mbili, kwa sababu asidi ya betri huweza kuwekwa rafu ileile na chupa zinafanana. Boneti moja inahitaji kama mililita 300 za mchanganyiko. Gari zima dogo lita moja na nusu inatosha.

Vaa glavu, fanya kazi mahali penye hewa, na usichanganye siki na dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini, wala usitumie ndoo iliyokuwa na dawa hiyo bila kuisuuza. Vikikutana vinatoa gesi ya klorini inayounguza mapafu.

Loanisha taulo la maikrofaiba kwa mchanganyiko, likamue kidogo lisidondoshe, ulilaze juu ya eneo la kama sentimita 40 kwa 40. Liache dakika moja, au mbili kama madoa ni mazito. Usilisugue. Hii ndiyo hatua ambayo wengi wanaiharibu: wanamwagia siki na papo hapo wanaanza kusugua kwa nguvu. Siki inahitaji muda wa kula chokaa, na mkono unahitaji subira. Ukilinyanyua taulo kwenye pete nene utaona vipovu vidogo sana vikitoka ukingoni, kama vya soda inayoisha gesi. Hiyo ni hewa ukaa ikitoka kwenye chokaa, dalili kwamba kazi inafanyika. Vipovu vikikoma, futa kwa uzito wa taulo lenyewe tu, kwa mstari ulionyooka, kisha geuza upande safi. Chokaa yenyewe si ngumu sana, lakini vumbi letu la Dodoma limejaa chembe za kwazi, yale madini magumu ya mchanga, na kwazi hukata kioo, sembuse rangi.

Suuza eneo hilo kwa maji mengi kabla hujahamia jingine. Siki isikaukie kwenye rangi hata mara moja, kwa sababu ikikauka inaacha chumvi mpya palepale ulipotoa ya zamani. Rudia mara mbili, mwisho mara tatu. Ukimaliza gari zima, lioshe tena kwa sabuni ya magari ili kuondoa mabaki ya tindikali kwenye raba za milango na mikunjo, suuza, kausha. Nta yoyote iliyokuwapo imeondoka au imedhoofika, kwa hiyo rangi iko uchi. Ipake nta siku hiyohiyo.

Ndimu na limau nazo hutumika sana. Tindikali yake inafanya kazi, ila juisi ina sukari na nyuzi, hunata, na ikikutana na kalsiamu nyingi hutengeneza chumvi isiyoyeyuka vizuri, inayobaki kama ukungu. Anayetaka kuitumia ni bora atumie unga wa tindikali ya ndimu unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya kuokea, gramu 20, sawa na vijiko vinne vya chai, kwa lita moja ya maji ya betri, na asuuze upesi kuliko kwa siki.

Madoa yasiyobadilika hata kidogo baada ya siki mara tatu hayana chokaa ya kuyeyushwa. Huenda ni silika, madini ya jamii ya mchanga ambayo siki haiigusi, au ni shimo kwenye rangi. Hapa ndipo naomba watu wasipandishe ukali wa tindikali. Tindikali inayoyeyusha silika ni ya haidrofloriki, na zipo dawa za kung'arishia rimu na mabati ya malori zenye hiyo au chumvi yake. Ukiona kwenye lebo neno hydrofluoric au bifluoride, rudisha chupa dukani. Huingia kwenye ngozi bila kuunguza sana mwanzoni, maumivu huja baada ya saa kadhaa, na hushambulia kalsiamu ya mwilini hadi kwenye mifupa. Kijana anayeosha magari mikono mitupu kwa ujira mdogo hapaswi kuwekwa karibu na kitu hicho kwa sababu ya doa la boneti.

Chembe zilizobaki juu huondolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, ule unaouzwa kwenye kopo kama udongo wa kuchezea watoto. Kata kipande cha gramu 50, ukikande kiwe bapa, nyunyizia rangi maji yenye sabuni kidogo ya magari, ukiteleze huku na huko bila kukandamiza. Mwanzo utasikia kinakwaruza. Kikianza kuteleza kimya, eneo hilo limekwisha. Kikunje upate uso safi. Kikianguka chini, kitupe, hata kama ni kipya, kwa sababu mchanga mmoja ulionasa humo utachora boneti nzima.

Rangi ikiwa imeliwa, hakuna kimiminika cha kujaza shimo. Kinachofanyika ni kuushusha uso unaolizunguka hadi uwe sawa na sakafu ya shimo, na hapo hesabu ya unene inaanza. Gari la kiwandani kwa kawaida lina rangi yenye jumla ya mikroni 100 hadi 180 (mikroni elfu ni milimita moja) tangu bati hadi juu, na lile tabaka la juu lisilo na rangi ambalo mafundi tunaliita klia ni kama mikroni 40 tu kati ya hizo. Unywele wa binadamu ni kama 70. Polishi laini inaondoa kama mikroni moja, polishi kali mbili hadi nne, msasa wa maji zaidi ya hapo. Klia ndiyo inayozuia jua lisifike kwenye rangi. Ukiimaliza, bati litapauka na kubabuka ndani ya misimu michache, na hakuna polishi inayoirudisha. Fundi mzuri anakuwa na kipimo cha unene. Kipimo hicho kinasoma jumla ya rangi yote, hakitenganishi klia. Kikisoma chini ya 80, acha mashine, ishi na doa. Kikisoma 250 na kuendelea, paneli hiyo ilishapigwa rangi upya, na huenda chini yake kuna puti ya kujazia mabonde. Kwenye bampa za plastiki kipimo cha kawaida hakisomi, kwa hiyo hapo tumia siki na udongo tu.

Kuna jambo linalowashtua wengi. Si kila gari lina klia. Toyota nyeupe zenye namba ya rangi 040, ambazo ni nyingi sana barabarani kwetu, rangi yake ni tabaka moja lisilo na klia juu. Namba hiyo ipo kwenye kibati ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, mbele ya maandishi COLOR au C/TR. Ukipiga polishi gari la namna hii, sponji inakuwa nyeupe, na mwenye gari anadhani rangi inatoka kwa uzembe wa fundi. Ndivyo inavyotakiwa kuwa, ila kila weupe unaouona kwenye sponji ni rangi yenyewe, kwa hiyo simama mapema.

Upigaji polishi uanze na polishi laini kuliko zote, kwenye mraba mmoja wa sentimita 40, uone kama inatosha kabla ya kupanda kwenye kali. Wengi huanza na kali kwa kuokoa muda. Bandika tepu ya karatasi kwenye kingo na kwenye mistari iliyochongoka ya bati, kwa sababu hapo klia ni nyembamba kuliko kwingine na ndipo inapotobolewa. Weka matone manne ya polishi yenye ukubwa wa punje ya njegere kwenye sponji. Mashine ya mzunguko inayotetemeka iende kasi namba 4 au 5 kati ya 6. Mashine ya mzunguko mtupu, isiyotetemeka, isizidi mizunguko 1500 kwa dakika, na mkononi mwa anayejifunza isiwepo kabisa. Sogeza polepole, kama sentimita tatu kwa sekunde, kila mstari ukifunika nusu ya uliopita, mara nne hadi sita. Gusa bati kila unapomaliza mraba. Likiwa la moto, pumzika. Polishi ikikaukia kwenye sponji inageuka msasa.

Doa lisilokwisha baada ya hapo linahitaji msasa wa maji namba 2000, kisha 3000, kisha polishi tena. Kazi hiyo nisingeielekeza gazetini. Apewe fundi mwenye kipimo. Shimo likiwa limepita klia, dawa ni kupiga paneli upya, na anayekuahidi vinginevyo anauza maneno.

Kwenye vioo anza na siki vilevile. Ikishindikana, tumia unga wa oksaidi ya seriamu uliokorogwa na maji hadi uwe mzito kama uji, usuguliwe kwa kipande cha felti huku ukiloanishwa, kisha usafishwe wote kabla hujawasha waipa. Waipa zikipita kavu kwenye kioo chenye chokaa huchora upinde usiofutika.

Kuhusu nta na zile kinga za kisasa za seramiki, wauzaji wanasema maji hayagandi tena, na hapo mnunuzi anaelewa kwamba madoa hayatakuwapo. Ukweli ni kwamba juu ya nta maji hukusanyika kwenye matone ya duara, mazito, yenye kimo. Tone kama hilo likikauka linaacha madini yote mahali padogo, pete inakuwa nene kuliko kwenye rangi isiyo na nta. Faida yake ni kwamba chokaa inashika nta kabla ya kushika rangi, ikakupa siku za kuitoa kwa urahisi. Kwa hiyo gari lenye nta linahitaji kukaushwa kwa makini zaidi, si kidogo zaidi.

Na kukausha ndiko kunakomaliza suala zima bila siki wala mashine. Osha kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 11 jioni, kivulini. Kama lazima uoshe mchana, osha upande mmoja, suuza, kausha, ndipo uende upande wa pili. Baada ya sabuni, usimalizie na mashine ya presha; yenyewe huvunja maji kuwa matone maelfu. Ondoa kichwa cha mpira, acha maji yatoke polepole bila kurushwa, yaanzie katikati ya paa. Yatashuka kama shuka moja na kubeba karibu matone yote. Kisha taulo kubwa la maikrofaiba lilazwe na kuvutwa, la pili kavu lifuatie. Fungua milango, buti na kifuniko cha mafuta ufute kingo, ufute chini ya vioo vya pembeni na kuzunguka taa, kwa sababu hapo maji hujificha na kuchuruzika ukishaondoka.

Anayetaka zaidi amalizie na lita tatu hadi tano za maji laini, yaani yasiyo na madini hayo, kwa keni ya kumwagilia maua. Maji ya betri yanafaa ila yana gharama. Maji ya mvua ni bure; sisi tunayapata kati ya Desemba na Aprili, na ya mvua ya kwanza yaachwe yaoshe paa kabla ya kuelekezwa tangini. Maji yanayodondoka kwenye bomba la kiyoyozi ni mvuke wa hewa uliogeuka maji, hayana kalsiamu. Yachuje kwa kitambaa kwa sababu ya vumbi la mashine. Wenzetu wa Dar es Salaam, ambako hewa ina unyevu mwingi, wanaweza kujaza ndoo kwa siku. Huko pwani visima vingi vina chumvi ya kawaida pamoja na chokaa. Ile chumvi hutoka kwa maji tu, lakini isiachwe, kwa kuwa huvuta unyevu na kuharakisha kutu. Shabu inayotumika kutuliza tope kwenye maji haiondoi ugumu. Maji yatakuwa meupe na madoa yatakuwa yaleyale.

Wenye sehemu za kuoshea magari, taulo mbili safi kwa kila gari ni gharama ndogo kuliko malalamiko. Sabuni ya unga ya kufulia nayo iachwe, kwa kuwa inaondoa nta kila wiki na kuiacha chokaa ikutane na rangi moja kwa moja. Na wenye magari, mnaposimama pembeni mkiangalia saa na kumhimiza kijana, anachokiruka ili awahi ni kukausha.

Mwisho, mameneja wa majengo. Tangu Serikali ihamie hapa ofisi zimeongezeka, na bustani nyingi zina mashine za kumwagilia zinazozunguka. Zikielekea kwenye maegesho, gari hulowa maji ya kisima na kukauka juani kila siku ya kazi, bila yeyote kulifuta. Hakuna kinachokula rangi upesi kama hicho. Kugeuza kichwa cha mashine, au kubadilisha saa yake iwe usiku magari yakiwa yameondoka, ni kazi ya mtunza bustani ya dakika tano na bisibisi.

Fundi rangi wa magari,
Dodoma